Mwili mzima, kugawa, seti moja ya kufa au vipimo vya maabara? Njia nne za kujenga misuli

Mpwa wangu alinikuta uani, hapa Chikongola, Mtwara, nikimwagilia zege la chuma kipya cha kunyanyua: ndoo mbili za rangi za lita 10, bomba katikati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Hata hajakaa. "Mjomba, nipige mwili mzima au nigawe? Jamaa wa jimu wananiambia leo kifua, kesho mgongo. Kwenye simu kuna mzungu anasema seti moja inatosha. Mwingine kila kitu kwake ni chati."

"Kwanza niambie, kwa usiku mmoja unalala kwa saa ngapi?"

Akacheka. Sikuwa namtania.

Njia anazozitaja zote zimewahi kujenga watu, na mimi nimezipitia zote nne kwa nyakati tofauti, nyingine kwa faida, nyingine kwa aibu. Zinapotofautiana sana ni kwenye kile zinachokudai: siku zako, vyuma vyako, sahani yako na usingizi wako. Kwa hiyo nitazipima kwa vigezo hivyo hivyo kwa kila moja: muda, vyuma, chakula na kupumzika, usalama, na cha tano ambacho wengi hukiruka, yaani kama njia inakuonyesha kirahisi kwamba leo umezidisha kuliko juzi.

Hicho cha tano nikieleze kidogo. Msimu wa korosho, kuli anabeba gunia la kilo 80 tangu asubuhi mpaka jioni. Ana nguvu za kunishinda mimi na vyuma vyangu. Lakini kuli wa miaka kumi hajatuna mara kumi ya kuli wa mwaka mmoja, maana mwili ukishalizoea gunia hauna sababu ya kuongeza kitu. Wagiriki wa kale walisimulia kisa cha mpiga mieleka Milo wa Croton, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Ndama yule alikuwa anakua. Gunia la korosho halikui.

Na kabla ya majina makubwa, jambo moja la kuwekana sawa. Eugen Sandow, Mjerumani aliyeandaa shindano kubwa la watunisha misuli London mwaka 1901, alifariki 1925, miaka kumi kabla testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli, haijatengenezwa maabara. Waliokuja baadaye walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Mabingwa Arnold Schwarzenegger na Dorian Yates wamesema wenyewe kwamba walitumia steroidi, yaani dawa za jamii ya homoni hiyo. Ratiba zao zina mafunzo, ila usitarajie ratiba peke yake ikupe kifua cha kwenye picha.

Njia ya kwanza: mwili mzima, siku tatu

Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akitibu askari walioumia magoti. Badala ya kuwalaza aliwanyanyulisha uzito, akauongeza kadiri walivyopata nafuu, marudio 10 kwa seti (yaani kunyanyua mara 10 mfululizo kabla ya kupumzika), na baadaye akatulia kwenye seti 3. Kwa hiyo zile "tatu za kumi" unazozisikia kila jimu zina harufu ya hospitali. Steve Reeves, mtunisha misuli aliyekuwa Mr. America wa 1947, alipiga mwili wote siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Mwingereza Reg Park, Mr. Universe wa 1951, 1958 na 1965, alijulikana kwa seti 5 za marudio 5: mbili za kupandia, tatu za uzito kamili.

Muda: saa moja mpaka moja na nusu, mara 3 kwa wiki. Ukikosa Jumatano kwa sababu ya msiba, au umeitwa Mikindani kwenye harusi, hakuna sehemu ya mwili iliyolala wiki nzima. Yote ilipigwa Jumatatu na yote itapigwa Ijumaa. Kwa mji wenye shughuli kama wetu, hasa ngoma za jando na unyago zikianza, hii si faida ndogo.

Vyuma: chuma kimoja kirefu, benchi, bomba la kujivutia. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu), kujivuta, kuvuta chuma tumboni, kusukuma juu ya kichwa, kuinua toka chini. Basi.

Chakula na kupumzika: inakudai kiasi. Kila siku ya kazi ina siku ya kupona nyuma yake.

Usalama: mwanzoni ni mzuri sana, kwa sababu uzito bado mdogo na unarudia zoezi lile lile mara 3 kwa wiki mpaka mwili unalijua. Tatizo huja ukishakuwa na nguvu. Skwati nzito Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hulemea kiuno na magoti, na ukifika zoezi la sita umekwisha; mikono na mabega vinaishia kupewa makombo.

Kuona maendeleo: hapa haina mpinzani. Mazoezi sita unayaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule, na ukifungua wa wiki iliyopita unaona kama umesogea au umedanganya.

Inamfaa anayeanza, mwenye kazi isiyo na saa maalumu, na anayecheza mpira siku za katikati.

Njia ya pili: kugawa mwili, seti nyingi

Hii ndiyo iliyojaza mabango ukutani. Miaka ya 1960 na 1970, pale Gold's Gym ya Venice, California, iliyofunguliwa 1965, watu waliugawa mwili vipande na kila kipande kikapewa siku yake na seti nyingi. Schwarzenegger, aliyeshinda Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mara 7, yaani 1970 hadi 1975 mfululizo na tena 1980, alifanya mazoezi siku 6 kwa wiki, mara nyingine asubuhi na jioni.

Hapa kwetu jina lake linatajwa sana na ratiba yake inapotoshwa. Vijana wanakipiga kifua Jumatatu seti 20, wanakisubirisha mpaka Jumatatu nyingine, na hiyo wanaiita "ya Arnold". Yeye alirudia kila sehemu mara 2 mpaka 3 ndani ya wiki. Kifua na mgongo alipenda kuvipiga pamoja, seti ya hiki, seti ya kile, bila kukaa chini.

Muda: siku 4 kwa uchache, 6 kwa wenye nafasi. Ukikosa siku ya miguu, miguu imekosa kweli, na sote tunawajua jamaa wenye kifua cha baunsa juu ya njiti mbili.

Vyuma: inapenda vitu vingi. Dambeli za uzito mbalimbali, benchi ya kuinama na ya kuinuka, mashine za kamba. Katika ua wenye chuma cha zege kimoja utajikuta unafanya seti 15 za zoezi moja, na hapo siyo ile tena.

Chakula na kupumzika: ndiyo ghali kuliko zote. Seti nyingi zinataka wanga wa kutosha, protini ya kutosha na usingizi wa kutosha, vyote pamoja. Novemba, joto la Mtwara likiwa limekaa kama blanketi lenye maji, saa mbili za seti mfululizo zitakukausha. Beba maji kuliko unavyodhani, na chumvi kwenye chakula usiiogope siku hiyo.

Usalama: uzito wa kila seti si wa kutisha, hivyo ajali za ghafla ni chache. Kinacholiwa polepole ni viwiko na mabega.

Kuona maendeleo: kugumu. Katika seti 25, nani anakumbuka ya kumi na tisa? Wengi huishia kujipima kwa jinsi misuli ilivyojaa damu. Kujaa ni kutamu, sikatai, ila kesho asubuhi kumeshapungua.

Inamfaa aliyekwisha kujenga msingi wa mwaka mmoja au miwili, mwenye jimu ya kweli, mwenye kipato kinachofika mezani, na mtu anayependa tu kuwapo pale. Hili la mwisho nalihesabu. Jimu saa 11 jioni ni baraza. Kuna watu ambao bila utani wa pale wasingepiga hata pushapu moja.

Njia ya tatu: seti chache, mpaka kushindwa

Arthur Jones wa Florida, aliyeanza kuuza mashine za Nautilus mwaka 1970, alikuja na hoja ya kuudhi: kama seti moja umeipiga mpaka misuli imekataa kabisa, ya pili ya nini? Mtunisha misuli Mike Mentzer akaichukua hoja hiyo na kuipunguza zaidi. Dorian Yates wa Birmingham, Uingereza, akaitumia kwa namna yake: seti za kupasha mwili moto, kisha seti moja ya vita kwa kila zoezi. Alishinda Mr. Olympia mara 6 mfululizo, 1992 mpaka 1997.

Muda: hapa inashinda. Dakika 45, siku 3 au 4. Nimewahi kumaliza kabla chai haijachemka vizuri.

Vyuma: mashine ni bora, kwa sababu mashine ukishindwa inarudi mahali pake. Chuma kinarudi kwako.

Na hapa lazima niseme. Nilikuwa peke yangu uani, saa 12 asubuhi, nimelala kwenye benchi. Rudio la saba likapanda. La nane likapanda nusu, likasimama, likashuka. Chuma cha sahani za uzito unaweza kukiinamisha upande mmoja sahani zikamwagika. Cha zege hakimwagiki; ndoo zimeganda kwenye bomba. Nikabaki na bomba juu ya matiti, namwita jirani kwa sauti isiyotoka. Aliyesikia ni mama muuza maandazi aliyekuwa akipita njia. "We baba, unafanya nini humo?" Akatua beseni kwanza, akalifunika, akafuta mikono kwenye khanga, ndipo akashika ndoo moja tukaiangusha. Kisha akaniuzia maandazi mawili, na bei hakupunguza.

Usalama, basi, ni huo. Benchi na skwati usizipeleke mpaka kushindwa kama huna mtu wa kukusapoti. Pushapu, kujivuta na kukunja mikono unaweza kuzimaliza mpaka mwisho ukiwa peke yako. Hata kwa mabingwa uzito wa namna hii una bei yake: Yates alichanika msuli wa mkono 1994, na 1997 akachanika wa nyuma ya mkono, akashinda mwaka huo huo na hakushindana tena.

Chakula na kupumzika: unalala zaidi ya unavyonyanyua. Ratiba yenyewe inakupa siku nyingi za kupona, na sahani haihitaji kuwa ya mfalme.

Kuona maendeleo: wazi kabisa. Seti moja, namba moja. Ila inataka ukweli wa moyo. Wengi wanaosema wameshindwa wamechoka tu kusikia maumivu, na seti moja ya uongo ni kazi ndogo mno.

Inamfaa mzoefu mwenye shughuli nyingi, mwenye mwenzake wa kufanya naye, na mtu ambaye kazi yake ya mchana tayari inamchosha. Anayeanza hajui bado kushindwa kunafananaje.

Njia ya nne: vipimo vya maabara

Hii haina bingwa mmoja wala picha ya ukutani. Ni mkusanyiko wa majibu kutoka vyuo vikuu, na baadhi yanamhusu sana mtu wa Mtwara kuliko wa California.

La kwanza ni uzito. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapa vijana wa kiume zoezi la kunyoosha mguu kwa wiki 10. Miguu mingine ilipewa asilimia 30 ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu, mingine asilimia 80, yote mpaka kushindwa. Kwa seti 3, mapaja yalikua karibu sawa. Waliopiga kizito walizidi kwenye nguvu ya kunyanyua mara moja, lakini unene wa msuli haukujali. Tafsiri yake uani: chuma cha kilo 30 ambacho umekizoea bado kinajenga, ukikipeleka marudio 25 au 30 na yale ya mwisho yawe magumu kweli.

La pili ni idadi ya seti. Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake, Marekani, walizikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona kwamba seti 10 au zaidi kwa kila msuli kwa wiki huzaa zaidi kuliko seti chini ya 5. Seti chache bado zinajenga, ila kidogo. Seti hizo zinakaa vizuri zaidi ukizigawa siku mbili au zaidi kuliko kuzimwaga siku moja.

Mengine nayapitia haraka. Si lazima ufike kushindwa. Ukiacha ukiwa na rudio 1 mpaka 3 tumboni, yaani bado ungeweza kuzipiga, matokeo ni karibu yale yale na uchovu ni mdogo. Kupumzika dakika 2 au 3 kati ya seti kunasaidia kuliko kukimbizana kila dakika moja. Kriatini, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, ni kati ya virutubisho vilivyochunguzwa sana na inasaidia kidogo. Unga wa protini ni chakula tu ndani ya kopo la bei.

Protini ndiyo ya kukaa nayo. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotoka 2018 ulikuta faida inakoma karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Ugali wa muhogo utakushibisha lakini protini yake haifiki popote, kwa hiyo mboga ndiyo inabeba mzigo. Mayai 3 ni kama gramu 18. Kipande kizuri cha samaki, gramu 200 baada ya kupikwa, kinapita 40. Bakuli kubwa la mbaazi au kunde ni kama 20, karanga za kukaanga konzi mbili kama 12. Zimebaki chache, na wali au chapati zitazijazia. Hakuna kopo hapo. Dagaa wakavu ukiwaweka akiba ndani, mwisho wa mwezi haukutishi.

Muda: unavyotaka, siku 2 mpaka 5, alimradi seti za wiki zitimie. Vyuma: vyovyote. Usalama: mzuri, kwa sababu hulazimishwi kizito wala kushindwa. Kuona maendeleo: mzuri mno, ila ni kwa mtu anayependa kuandika.

Kasoro zake zisifichwe. Tafiti nyingi ni za watu wachache, wanafunzi wa chuo, kwa wiki 8 mpaka 12. Hakuna aliyepimwa akiwa amebeba magunia mchana kutwa. Tena kila mwezi kuna jipya, na nawafahamu vijana wanaobadili ratiba kila wakiona video, mwaka unakwisha benchi ni ile ile. Kupima kwenyewe, hata hivyo, kulinisaidia mahali nisipotarajia. Siku moja nilipeleka chuma changu cha zege kwa mnunuzi wa ufuta mwenye mzani. Nilimshikilia bomba, tukapima upande mmoja mmoja. Wa kulia kilo 15, wa kushoto 17. Miaka miwili nilikuwa najiuliza kwa nini bega la kushoto linalalamika.

Inamfaa mwenye vyuma vichache, mwenye umri uliosogea, anayefanya peke yake, na mpenda daftari.

Sasa, kwa hali yako

Kama hujawahi kunyanyua, njia ya kwanza kwa miezi sita mpaka mwaka itakufundisha mazoezi yenyewe na kukupa nguvu haraka. Kugawa kunaweza kusubiri. Huna bado cha kugawa.

Kama umekwama, uzito haupandi miezi mitatu, angalia kwanza sahani na kitanda. Vikiwa sawa, mwenye siku 4 agawe juu na chini, kila nusu mara mbili kwa wiki, ahesabu seti zifike 10 kwa kila msuli. Hapo njia ya pili na ya nne zinakutana, na sidhani ni kwa bahati.

Kwa kuli, fundi ujenzi au mvuvi, siku 2 za njia ya tatu, ukiacha rudio moja tumboni kwenye mazoezi ya mgongo. Mgongo wako unalipwa mchana. Usiumalize jioni bure. Na uraka, ile pombe ya mabibo, msimu huo, najua uko kila kona, ila usiku wa uraka si usiku wa kupona.

Dada anayeogopa kutuna kama mwanamume anaweza kuchagua yoyote kati ya nne. Misuli yake huongezeka kwa kiwango kinachokaribiana na cha mwanamume kwa asilimia, ila anaanzia chini, na homoni zake hazimpeleki kule anakokuogopa.

Uliyepita miaka 50, uzito mwepesi wenye marudio mengi wa njia ya nne huyahurumia magoti. Mwenye presha amwone daktari kwanza, na asibane pumzi wakati wa kunyanyua.

Ramadhani, punguza bila hofu. Misuli inatunzwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga. Siku 2 za mwili mzima baada ya futari na tarawehe, seti 2 kwa zoezi, utaifikia Idi na ulichokuwa nacho.

Mpwa wangu, tulipohesabu vizuri, analala kwa muda wa saa tano tu, na Oktoba anaingia kubeba korosho bandarini. Amechukua mwili mzima mpaka Septemba, kisha siku mbili za seti chache mpaka msimu uishe. Januari tutafungua daftari. Aliomba pia kile chuma kipya. Nimemwambia zege bado bichi, aje baada ya wiki, na tukipeleke mzanini kabla hajakilalia.